Moshi wa Mchana wa Ramadhani

Mpaka leo wapo wazee Ujiji ambao ukiwatajia Bi Kuruthumu binti Saad watakuna kidevu, kisha watakuuliza, "Yupi? Yule kobe?" Hawasemi kwa chuki. Ni jina tu lililomganda, na mwenyewe alikwenda nalo kaburini bila kulikana. Mgeni ataelezwa upesi kwamba kobe ni mtu anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani, na kwamba yule mama wa watu, aliyekuwa hakosi kipindi cha swala, alikutwa jikoni kwake jua la utosi anakunywa uji. Wakishasema hivyo watacheka kidogo, watamwombea Mungu amsamehe, na wataendelea na bao lao.

Shadya, mjukuu wake, akiyasikia hayo hukaza midomo. Siku hizi ni mwanamke mzima, ana nyumba yake Gungu na jiko la gesi, lakini harufu ya pilipili manga ndani ya uji bado humkausha mate. Hao wanaocheka hawajui lolote. Waliona moshi, wakaridhika na moshi.

Jiko la Bi Kuruthumu lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, mafiga matatu katikati, na kwenye ukuta wa nyuma kijimlango cha kuingilia stoo ya kuni. Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua mtaani aliitwa yeye, aje amkande kwa maji ya moto, amfunge tumbo, ampikie uji wa pilipili manga, mpaka itimie arobaini. Kwa kazi hiyo moto wake haukuruhusiwa kufa. Usiku aliufukia kwa majivu, alfajiri akaufukua, akapiga magoti kuupuliza huku anausemesha maneno ya chinichini ambayo Shadya hakuwahi kuyapata yote. Jirani aliyekosa kiberiti alikuja na kigae kuomba kaa la moto, na hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Shadya alikulia mbele ya moto huo. Mama yake aliolewa Tabora akamwacha kwa Bibi angali mdogo, na Bibi akamwita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Akimgombeza alisema babu, Mungu amrehemu, alimletea mke mwenza mvivu kuliko wote Kigoma nzima. Muhogo ukichomwa kwenye majivu, katikati palipo laini palikuwa pa Shadya, na Bibi alitafuna pembeni palipokauka akidai ndipo anapopapenda. Shadya aliamini hivyo mpaka alipopata watoto wake mwenyewe. Kanga za Bibi zilinuka moshi hata baada ya kufuliwa, na mtoto huyo hakupata usingizi mpaka ashike pindo la kanga mojawapo.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Bibi kuvuka ziwa. Bibi alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, akaletwa Ujiji angali ananyonya, ndani ya mtumbwi, baba yake akipiga kasia na mama yake akimziba mdomo kila alipotaka kulia, maana walikuwa wanawakimbia watu. Aliisimulia kwa madaha, na alipofika kwenye mawimbi alitikisa bega ili Shadya aliyemwegemea naye ayumbe. Mwaka ule wakimbizi walipojaa, aliacha kuisimulia. Shadya alipoiomba aliambiwa, "Hiyo imelala, mke mwenzangu. Usiiamshe."

Vita vilikuwa vimewaka Burundi na vimewaka Kongo, na mitumbwi ilishusha watu ufukweni Katonga kutwa kucha. Mwanzoni mji uliwapokea kama ulivyozoea kupokea. Kisha ikaja amri kwamba kila mkimbizi akae kambini, na lori la msako likaanza kupita mitaani. Lilichukua waliofika jana, na lilichukua pia watu waliooa hapa, wakazika hapa, na kupanda michikichi yao hapa kabla Shadya hajazaliwa. Mtaa wa nyuma alipandishwa fundi cherehani mmoja mzee aliyekuwa akiswali safu ya mbele. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa ng'ambo na kukosa karatasi. Shadya alimwona akiinuliwa na kiatu mguu mmoja, kingine kimebaki barazani, na hapo ndipo alipoanza kumhesabu Bibi yake miongoni mwa watu wanaoweza kuchukuliwa. Alizaliwa ng'ambo. Karatasi hakuwa nayo. Tangu siku hiyo hakuna sauti aliyoiogopa kama ya lori linalopunguza mwendo.

Ni katika siku hizo Bibi alikwenda Katonga kununua dagaa akarudi na Leonia.

Leonia alikuwa msichana wa Burundi, amepotezana na mumewe njiani, na Bibi alimkuta nyuma ya vichanja vya dagaa uchungu umekwisha kumshika, watu wanampita wakitazama pembeni. Alimvika kanga yake, akamfunika uso kama mgonjwa wa nyumbani, akaja naye. Jioni ile ile msichana alijifungua mtoto wa kike jikoni, mbele ya mafiga, na damu ilichelewa sana kukatika. Shadya alikuwa na miaka kumi na moja. Alipewa kazi ya kuchochea moto na kutotazama, akatazama.

Bibi hakuwa mtu wa kushindana na serikali. Lakini muda mfupi nyuma mzazi mwingine, mwenye kichanga kama huyu, alipandishwa lori. Njia ya kambini ilikuwa makorongo matupu, na habari zilizorudi mtaani ni kwamba mama yule aliteremshwa amefunikwa shuka mpaka usoni. Bibi alikuwa amemkanda mwanamke huyo kwa mikono yake. Kwa hiyo Leonia alipomwambia kwa sauti ndogo, "Mama, wakinikuta hapa na wewe watakupandisha," alimjibu huku anamfunga tumbo.

"Utaenda kambini, sikatai. Utaenda arobaini yako imetimia, kwa miguu yako. Lakini sikutoi kwangu ukamwage damu njiani."

"Murakoze, mama," alishukuru Leonia kwa Kirundi chake, akageukia ukutani.

Alilazwa ndani ya stoo ya kuni, na kuni zikapangwa mbele ya kijimlango mpaka ukaonekana ukuta wa magogo matupu. Bibi alizitoa na kuzirudisha kila alipompelekea maji. Mambo yangeenda hivyo hivyo kimyakimya, kama si mwezi kuandama. Ramadhani iliingia.

Asiyeijua Ujiji hataelewa. Mchana wa Ramadhani majiko yanalala. Ukisimama mahali pa juu baada ya adhuhuri utaona mapaa ya mabati na makuti, na juu yake hewa tupu, mpaka alasiri ndipo moshi wa futari unapoanza kujitokeza huku na huku. Na mzazi hana Ramadhani. Lazima akandwe asubuhi na mchana, lazima anywe uji wa moto, maziwa yatoke. Hivyo kila mchana, juu ya mtaa mzima uliofunga, palisimama moshi mmoja tu, na ulikuwa unatoka kwa Bi Kuruthumu.

Bibi alijaribu kila hila. Alichagua kuni zilizokauka kabisa, alichemsha maji mengi alfajiri na kuyafunika kwa magunia, akatumia makaa pale alipoyapata. Moshi ulitoka tu. Shadya alikuwa akisimama uani anautazama ukipanda, anatamani kuushika kwa mikono auteremshe. Mwaka ule ndio kwanza alikuwa anafunga mwezi mzima, na alikuwa amemtangazia kila mtu.

Aliyemwogopa kuliko wote ni Mzee Mwinshehe. Huyu ndiye alikuwa balozi wao wa nyumba kumi, na baraza yake ilitazamana na paa la jiko la Bibi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyesema sana, na katika mwaka ule mtu asiyesema sana alitisha kuliko mwenye kelele. Msako ulipofika mtaani yeye ndiye aliyetembea nao mlango kwa mlango. Mchana mmoja alipita uani kama anayekwenda zake, akasimama.

"Bi Kuruthumu, jiko lako siku hizi halilali."

"Mifupa, Mzee. Nisipojikanda na maji ya moto siinuki kuswali."

"Mungu akupe nafuu," alisema Mzee Mwinshehe, akautazama moshi ule tangu chini mpaka ulipoishia, kisha akaondoka.

Siku hiyo Bibi alimketisha Shadya kwenye kigoda. Alimwambia watu wakija, na wakauliza moto ni wa nani, jibu ni rahisi: Shadya ni mtoto, hajafunga, anapikiwa uji. Shadya alilalamika kwamba amefunga. Bibi akasema anajua, na Mungu anajua, lakini watu wa lori wasijue. Wakalifanyia mazoezi jibu hilo mpaka likatoka bila kukwama. Shadya aliliogopa hata hivyo. Alihisi ni kama amepewa sahani ya udongo akaambiwa asiiangushe.

Walikuja mchana, jua kali, mtaa umelala. Bibi alikuwa ametoka kumkanda Leonia, kuni zimesharudishwa mlangoni, na bakuli la uji limewekwa karibu na mafiga lipoe kidogo kabla halijapelekwa ndani. Injini ikaunguruma kwa mbali, ikapita nyumba ya kwanza, ya pili, halafu ikapunguza mwendo. Bibi na mjukuu wakatazamana. Hapakuwa tena na wakati wa kumwaga uji wala wa kuufunika.

Waliingia uani wanaume watatu, mmoja amevaa miwani ya jua na ndiye mkubwa wao, na nyuma yao Mzee Mwinshehe. Yule wa miwani aliinama akatazama jikoni: mafiga, sufuria, ukuta wa kuni, bakuli. Hakuwa mkali. Aliuliza kama mtu aliyechoka anayetaka kumaliza kazi yake akapumzike.

"Mama, mtaa mzima umefunga. Hapa anayekula ni nani?"

Bibi alimtazama Shadya. Yule mtu naye akamgeukia Shadya.

"Wewe binti, umefunga?"

Jibu lilikuwapo, limelala juu ya ulimi. Lakini Shadya aliinua macho akamwona Mzee Mwinshehe, aliyemsifu mbele ya watoto wenzake siku mwezi ulipoandama na kumpa tende mkononi. Mtoto wa Kiislamu wa Ujiji akiulizwa hivyo mbele ya mtu mzima, ana jibu moja tu alilofundishwa tangu anajifunza kusema. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nimefunga."

Kuni zililia ndani ya moto. Shadya alikuwa ameshaliona lori akilini, na Bibi juu yake, na kiatu kimoja kimebaki barazani.

"Basi huu uji ni wa nani?" aliuliza yule wa miwani, na safari hii alivua miwani.

Bi Kuruthumu aliinama, akaliokota bakuli kwa mikono miwili. "Wangu," alisema, akaanza kunywa.

Hakusema anaumwa. Mgonjwa angeulizwa ugonjwa gani na cheti kiko wapi, na maswali yangezaa maswali. Kobe haulizwi kitu, watu humwonea haya tu. Alikunywa mbele yao akiwa amesimama, uji wa moto, mchana wa Ramadhani, mwanamke ambaye hakuwahi kula siku ya funga bila udhuru tangu alipovunja ungo. Shadya aliyaona machozi yanamtoka Bibi pembeni mwa macho, akajiambia ni moshi.

Na hapo, nyuma ya kuni, kichanga kikalia. Kilitoa sauti nyembamba tu, kama paka aliyebanwa na mlango. Shadya akapiga yowe. Hakupanga. Alilia kwa sauti yake yote, alilia kwa sababu ya Bibi na bakuli lile, kwa sababu ya neno lake lililomponyoka, kwa sababu ya woga wa miezi yote hiyo, na alipoanza hakuweza kujizuia. Alijitupa chini, akagaragara kwenye majivu. Kilio chake kilijaa jikoni kikakifunika kile cha kichanga.

Mmoja wa wale wanaume akacheka. "Mtoto anaona aibu, bibi haoni. Kobe mzee huyu." Yule mkubwa alirudisha miwani usoni na kutema mate pembeni. Mzee Mwinshehe alikuwa amegeuza uso akitazama ukuta wa uani, na hakuugeuza mpaka walipotoka. Lori likaenda zake.

Bibi aliweka bakuli chini, akakaa. Shadya alimtambalia akamshika miguu, akasema, "Bibi, nimekuua." Bibi akampangusa majivu usoni kwa kanga.

"Umesema kweli, mke mwenzangu. Nani atakupiga kwa kusema kweli? Nenda katazame huyo mtoto ndani kama hajafunikwa pua."

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umepata habari. Watoto waliwafuata njiani wakiimba kobe, kobe. Wanawake waliokuwa wakimwita Bi Kuruthumu kwenye visomo waliacha kumwita, na mmoja aliyekuwa karibu kujifungua alituma ujumbe kwamba ameshapata mkandaji mwingine. Bibi alipita kati yao akisalimu kama kawaida, wakaitikia wakitazama chini. Shadya hakuzoea. Kila siku alitaka kusimama katikati ya njia aseme, na kila siku alimkumbuka yule mzazi aliyeteremshwa amefunikwa shuka.

Lakini ajabu moja ilitokea, na Shadya alichelewa kuiona. Moshi uliendelea kupanda kila mchana na hakuna aliyekuja tena kuuliza. Walikuwa wameshajua ni moshi wa nani. Walinyoosha kidole, wakacheka, wakapita. Leonia alikandwa mchana kweupe, akanywa uji wake wa moto, mashavu yakaanza kurudi.

Idd ilikuja ikapita. Kesho yake, majiko yote ya Ujiji yakiwa yanapasha pilau iliyobaki, Bi Kuruthumu aliufukia moto wake tangu alfajiri na hakuufukua. Maji ya Leonia yaliwekwa kwenye chupa ya chai. Shadya alipouliza kulikoni, Bibi alisema ana siku moja anadaiwa na Mola wake, na anailipa leo. Mchana ule mtaa wote ulifuka moshi, na juu ya paa la Bi Kuruthumu peke yake hapakuwa na kitu.

Jua lilikuwa linazama Shadya alipomwona Mzee Mwinshehe akivuka njia kuja kwao. Alikuwa peke yake. Arobaini ya Leonia ilikuwa imebakiza siku chache tu, na Shadya alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba huo ndio mwisho wao. Alisimama mbele ya ukuta wa kuni na kueneza mikono, mtoto mwembamba aliyeweza kuondolewa kwa kidole. Mzee Mwinshehe alimwona, akaitazama ile mikono. Mkononi alikuwa na sinia lililofunikwa kawa, na kwapani chupa ya chai.

"Hodi, Bi Kuruthumu. Leo nimekaa barazani kutwa nzima sikuona moshi wako. Nikamwambia mke wangu, yule mama analipa siku yake. Kobe halipi. Hii ni futari."

Bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka.

Mzee Mwinshehe aliweka sinia chini, kisha ile chupa, polepole, karibu na miguu ya Shadya. "Na huu ni uji wa pilipili manga. Mke wangu amezaa watoto wengi, anajua kipimo. Siku ile harufu ilinifikia tangu nje, nikajua si uji wa mifupa." Alizitazama kuni nyuma ya Shadya. "Akiwa tayari mniambie mimi. Nitamwombea kiti cha mbele kwenye lori, kwa dereva, na shuka la kumfunikia mtoto."

"Ulijua tangu siku ile?" aliuliza Bibi.

"Nilijua. Niliogopa, dada yangu. Ningefungua mdomo ningesema vibaya, ndiyo maana nikatazama ukuta."

Adhana ya magharibi ilianza. Mzee Mwinshehe aliaga akaondoka kuwahi swala. Bibi alifunua kawa, akachukua tende moja, akaigawa na kumpa Shadya nusu. Alitafuna, akameza, na ndipo alipolia, kwa sauti, mabega yakimtikisika kama yalivyokuwa yakitikisika kwenye hadithi ya mawimbi. Shadya hakuwahi kumwona hivyo, na alimwegemea tu, akayumba naye.

Leonia alipoondoka, alikaa kiti cha mbele, mwanawe kifuani, akajipandisha mwenyewe kwa miguu yake. Usiku huo Shadya alimuuliza Bibi kama sasa watu wanaweza kuambiwa, ili lile jina liondoke.

"Liache," alisema Bibi huku anaufukia moto. "Likiondoka, wataanza kuuliza moshi ulikuwa wa nani. Na Katonga bado wanashuka watu."

Baadaye wapo wengine walioletwa kutoka Katonga wakiwa wamefunikwa kanga, wakakandwa nyuma ya ukuta ule wa kuni, moshi ukipanda saa yoyote unayotaka, na mtaa ukicheka. Ndiyo maana Shadya, akiwasikia wazee wa bao, hukaza midomo. Usiku ule alimwahidi Bibi kutosema, na kule ng'ambo bado hakujatulia.